Rangi Moja Tu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na Bosi naye ameanza. Asubuhi amenikalisha mbele ya kompyuta ya studio akaniambia kuna kampuni ya safari inataka kalenda: picha kumi na mbili za mitaani, wageni waone mji ulivyo wakati wa mvua. Kila picha iwe nyeusi na nyeupe, isipokuwa kitu kimoja kibaki na rangi yake. "Rangi moja tu," alisema huku ameinua kidole kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. "Ukiweka mbili zinagombana, mtazamaji hajui aangalie wapi."

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye jicho, na jicho ninalo, wala sioni haya kulisema. Unaiondolea picha nzima rangi, halafu unapita na kipanya juu ya kile ulichokichagua, taratibu, na rangi yake inarudi. Kisha unahifadhi. Kompyuta yetu imejaa pomoni, kwa hiyo Bosi hataki nakala mbili. Picha mpya inakaa juu ya ile ya mwanzo, na ya mwanzo ndiyo imekwenda.

Dada amekubali kunishikia mwavuli nikiwa kazini, kamera isilowe. Mchana hana kazi, ukiacha kupika, kufua, kumpa Baba dawa na kunikumbusha nilipoweka funguo. "Kwa hiyo mimi ni mlingoti," alisema. Nikamwambia mlingoti hausemi. Tulicheka mpaka Baba akagonga ukuta kwa mkasi wake wa kushonea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata ya kwanza. Muuza matunda wa pale kwenye kona ana mwavuli mkubwa mwekundu, na leo mvua ilikuwa imeupiga ukawa unang'aa. Pembeni yake alikaa Fundi Viatu kwenye boksi lake, na aproni yake, na viatu vya watu vimepangwa mbele. Nikamwachia muuza matunda mwavuli na uso wake. Fundi nikamtia kijivu pamoja na ukuta.

Bosi aliitazama bila kusema neno, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Tumeichapa kubwa na kuitundika kwenye dirisha la studio.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimekula ndizi tatu.

Jumatano, 13 Machi

Fundi Viatu amekuja studio. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla hatujamwona, na alipoingia alikuwa amenuna.

"Mpiga picha, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini tena, fundi?"

"Watu wananiruka. Tangu mlipotundika ile picha, mtu anakuja na kiatu kimeachama, anatazama huku na huku, anaondoka. Jana mama mmoja kanikalia."

"Kakukalia vipi?"

"Kanikalia! Mapajani! Nikapiga kelele, akasema jamani boksi hili lina msumari."

Bosi alicheka hadi akashika meza, na mimi nikafuata. Fundi hakucheka. Dada, aliyekuwa ameniletea chakula, akavua kiatu chake cha kushoto akampa, akamwambia soli imeanza kuachia. Soli haikuwa na tatizo lolote. Mimi niliona.

Jumamosi, 16 Machi

Ya pili: mlango wa bluu wa kinyozi. Ilikuwa lazima nimwombe kinyozi asimame kando ya mlango, maana mlango bila mtu ni mbao tu. Mtu wa kijivu akiwa kando yake, bluu inasema.

Muuza matunda amepata wateja wengi hadi ameleta mdogo wake amsaidie. Amenipa mapapai mawili.

Jumanne, 19 Machi

Kinyozi naye. Anasema watu wanaingia, wanakaa kwenye kiti, wanafungua gazeti na kumsubiri kinyozi. Yeye amesimama mbele yao na mashine inaunguruma mkononi. "Nimesema karibu mara tatu," aliniambia. "Mara ya nne nimeisema sikioni." Mtu yule akajikuna sikio.

Nilikuwa nikimtazama kinyozi wakati anasema hayo, na mara mbili nilijikuta nasoma kibao cha bei kilichokuwa nyuma ya kichwa chake.

Nilipomweleza Dada, akaniambia niitoe picha dirishani. Nikamwambia watu wakikosa wateja hutafuta mchawi, na safari hii mchawi ana kamera. Akasema, "Mimi Fundi ninamwona. Ila lazima umtazame kwa makusudi." Nikamuuliza tangu lini amekuwa mtaalamu wa kutazama. Akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 22 Machi

Mafua.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimepiga picha ya maisha yangu. Ngazi za soko, mvua imekatika kidogo, maji yanateremka kwenye vidato, na katikati kuna ndoo ya njano ambayo mtu ameiweka kukinga tone la paa. Ya njano kweli kweli. Kuna watu kama kumi wanapanda na kushuka. Dada aliingia kwenye picha kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimemwambia mvua imekatika, aende akasimame kando, na yeye akasimama ngazini akiwa ameufunga mwavuli, ananitazama.

Kwanza nilikasirika. Kisha kwenye kompyuta nikaona anafaa. Amesimama wima, na macho ya mtazamaji yanateleza kwake hadi kwenye ndoo. Nikawaacha wote kijivu, naye pamoja nao. Nikahifadhi. Bosi amesema hii ndiyo ya jalada, na Jumatatu inakwenda dirishani.

Jumanne, 26 Machi

Chakula cha mchana Baba alitenga sahani mbili. Dada akasema, "Baba, na mimi?" Akasema tena. Mara ya tatu Baba akashtuka, akaomba radhi, akasema uzee.

Ijumaa, 29 Machi

Nimefunga mlango nikijua wote tumo ndani. Dada alikuwa nje kwenye mvua, amegonga hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka mlangoni. Nilisikia kugonga huko, nikadhani ni mvua kwenye bati. Alipoingia alikuwa anatetemeka. Hakunigombeza. Alinishika mashavu kwa mikono yake ya baridi, akasema, "Nitazame." Nikamtazama. Nilikuwa nafikiria picha ya tano.

Jumanne, 2 Aprili

Chai ilikuwa mezani nilipoamka. Baba anasema si yeye.

Jumatano, 3 Aprili

Picha ya sita: koti la kijani la mtu wa posta. Watu wengine wote wa mtaa ule, kijivu.

Mchana kweupe mtu amekohoa chumbani mwangu. Nilikuwa peke yangu, natafuta betri. Baba yuko sebuleni na cherehani yake, na cherehani haikohoi. Nikafungua dirisha, nikalifunga, nikaendelea kutafuta betri. Nilizikuta mkononi mwangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepiga picha saa mbili nzima kwenye mvua kubwa, peke yangu, na kamera haikupata hata tone. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamera. Sijui nilifanyaje. Nazidi kuwa hodari.

Jumatatu, 8 Aprili

Baba ameniuliza kwa nini tunaweka vitanda viwili chumbani mwangu. Na mimi sikuwa na jibu. Tumekubaliana kukitoa kile cha dirishani ili meza yangu ipate nafasi. Nilianza kukunja shuka. Lilikuwa limetandikwa vizuri, pembe zimeingizwa chini ya godoro, na nilipopitisha mkono lilikuwa na joto. Tena upande mmoja tu, urefu wa mtu.

Nikasema labda jua. Hakujatoka jua wiki nzima.

Godoro lilikuwa zito sana. Tumeacha.

Jumatano, 10 Aprili

Kuna nzi ananiandama. Kila nikikaa ananigusa begani, namfukuza, anarudi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mdogo wangu, usiruke ukurasa huu. Huu si mwandiko wako, utazame vizuri. Ni mimi Dada yako.

Nimekuwa nikikuita tangu asubuhi. Nimekuita siku tisa. Nimekuandikia vikaratasi, unavifuta mezani pamoja na makombo. Nimekugusa bega, unanipiga kofi la mkono kama nzi. Nimeona unaandika humu kila siku na unasoma ulichoandika, ndiyo maana nimekuja humu. Sikutaka kusoma mambo yako. Nimeyasoma, nisamehe. Umeandika kuwa mlingoti hausemi.

Si kwamba nimekufa. Ninakula, ninalala, nimepata malengelenge kwa kushika mwavuli wako. Sokoni nachukua kitu natoa hela, hela inaokotwa kama imeanguka toka mbinguni. Baba kanimwagia maji ya kuoshea vyombo. Jumatatu mlikuwa mnabeba godoro langu na mimi nimelilalia, maana sikujua nifanye nini tena. Mlihema! Ningekuwa na nafasi ningecheka.

Fundi Viatu yuko huku. Kinyozi yuko huku. Wale wa ngazini pia. Wao hawana mtu anayeandika daftari, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Ninaogopa. Jana nilijitazama kwenye kioo cha Baba, na ilinichukua muda kujiona.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeusoma ukurasa ule mara nyingi hata siwezi kuhesabu. Mara ya kwanza nilidhani Bosi ananitania. Kisha nikarudi nyuma, kurasa zangu mwenyewe, mwandiko wangu mwenyewe, na kila nilipogeuza alikuwepo: Dada kanishikia mwavuli, Dada kaniletea chakula, Dada yuko nje anagonga. Tarehe 29 Machi yupo. Tarehe 2 Aprili kuna chai. Baada ya hapo hata jina lake halimo. Nimemsahau dada yangu kwa siku tisa, na nilikuwa nazo nguvu za kuandika habari za betri.

Nililia. Nililia kwa sauti, katikati ya chumba, na nikasema, "Dada, uko wapi?" Hakuna kilichojibu. Lakini godoro la kitanda cha dirishani lilibonyea ukingoni, pale ambapo mtu hukaa avae viatu.

Nikaenda kwa Baba. "Baba, Dada yuko wapi?"

"Dada yupi?"

"Mwanao wa kwanza, Baba."

Alinitazama kwa huruma. "Wa kwanza ni wewe, mwanangu. Umepata homa?" Akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Juu ya meza yake kulikuwa na vidonge vyake vya mchana, vimepangwa viwili viwili kwenye kifuniko, na glasi ya maji. Akavimeza bila kujiuliza nani kavipanga.

Nimekimbia studio bila mwavuli. Nimesimama mbele ya dirisha, nimelowa chapachapa, naitazama picha ya maisha yangu. Macho yaliteleza hadi kwenye ndoo. Niliyarudisha. Yakateleza. Kazi yangu nilikuwa nimeifanya barabara, hadi mimi mwenyewe nashindwa kuipinga. Ilibidi niifunike ndoo kwa kiganja ndipo nikamwona: mwanamke wa kijivu, ngazini, ameshika mwavuli uliofungwa, ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nyuma ya kamera. Alikuwa ananisubiri nimwambie akae wapi.

Jumamosi, 13 Aprili

Ya mwanzo haipo. Nimepekua kompyuta, kadi ya kamera, kila mahali. Niliihifadhi juu yake. Hiyo ndiyo desturi yetu.

Bosi anasema zamani, kabla ya kompyuta, studio hii ilikuwa inapaka picha rangi kwa mkono, kwa pamba na brashi. Vichupa bado vimo kabatini. Nikamwambia nataka kumpaka mmoja wa wale wa ngazini.

"Ile ya jalada? Una wazimu? Ndoo ndiyo picha!"

"Najua."

"Watu wa kalenda wanakuja Ijumaa. Ukiweka rangi ya pili umeiua, na kazi wataipeleka kwingine, na wewe utakwenda nayo."

"Basi niende."

Nikamfungulia daftari kwenye tarehe 11. Alisoma amesimama, akavaa miwani, akasoma amekaa. Mwishowe akatoa funguo za kabati. "Sisi tulikuwa tunawaongezea watu rangi," alisema. "Nyie mnawatoa."

Nikakaa na picha, na vichupa, na brashi ya nywele tatu. Hapo ndipo aibu iliponipata. Gauni lake lilikuwa la rangi gani siku ile? Wekundu wa mwavuli wa muuza matunda naujua hadi ndani ya usingizi. Bluu ya mlango wa kinyozi ningeweza kukuchanganyia nimefumba macho. Mwanamke niliyelala naye chumba kimoja maisha yangu yote, aliyetoka nami nyumbani asubuhi ile, sijui alivaa nini.

Nimeandika kwa herufi kubwa, naacha daftari wazi juu ya meza: DADA, GAUNI LILIKUWA LA RANGI GANI?

Jumapili, 14 Aprili

Nimesubiri tangu asubuhi. Kila baada ya muda nageuka dirishani ili nisiangalie, kisha narudi. Saa nane mchana kulikuwa na mstari:

Lilikuwa la kijivu. Baba alinishonea kwa kitambaa kilichobaki.

Niliweka kichwa mezani. Sikuwa nimeondoa chochote kwenye lile gauni. Nilikuwa nimemkuta hivyo.

Jumatatu, 15 Aprili

Basi nitapaka ngozi. Uso, shingo, mikono miwili. Nikachanganya rangi nikijilinganisha na mkono wangu mwenyewe, baba mmoja mama mmoja, nikaweka tone kwenye shavu lake. Nikaacha daftari wazi. Jibu:

Hapana. Mimi ni mweusi kuliko wewe. Shangazi alikuwa akisema hivyo kila siku, umesahau?

Nikafuta kwa pamba, nikaanza upya. Na hivi ndivyo tulivyokwenda, mimi na yeye, siku nzima, na mvua nje haikupumzika.

Bado.

Ongeza wekundu kidogo, kama chai iliyokolea.

Umezidisha, sasa nimekuwa tofali.

Midomo sivyo. Wa chini una weusi pembeni, niliungua na sufuria nikikutolea uji wako. Ulikuwa na miaka mitano.

Sikuwa najua habari ya sufuria. Nimeiona ile alama maisha yangu yote, nikadhani alizaliwa nayo.

Jumanne, 16 Aprili

Mistari yake inazidi kufifia. Penseli ni ileile, nimeichonga mwenyewe. Leo nimelazimika kuupeleka ukurasa dirishani ndipo nikasoma: Fanya haraka.

Jumatano, 17 Aprili

Tangu alfajiri nilikuwa studio. Bosi alikuja kapu mkononi, akaketi karibu yangu, akawa ananishikia kioo cha kukuzia. Nilifanya mkono wa kulia, vidole kimoja kimoja. Malengelenge sikuyaweka, yalikuwa hayajatoka siku ile. Nilifanya shingo. Nilifanya macho, ule weupe wake ambao si weupe, una manjano kidogo kwa kulala saa chache. Kila nilipoitazama ndoo nilijilazimisha kurudi usoni, na kuelekea saa sita sikuhitaji tena kujilazimisha. Ndoo ilikuwa ndoo tu.

Kwenye daftari hakukuwa na jibu lolote. Niliandika, SASA JE? Niligeuka. Nikarudi. Patupu. Niliandika tena. Patupu. Niliunyanyua ukurasa kwenye taa, hakuna hata alama ya penseli. Nikachovya brashi, maana sikujua lingine la kufanya, nikagusa sikio la kushoto, lile nililokuwa nimeliacha.

"Hapo umeweka sana."

Bosi aliangusha kioo.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Amekonda. Amevaa khanga niliyokuwa nimeitafuta wiki mbili. Nilimshika miguu, nikamshika mikono, nikayabusu yale malengelenge, nikisema maneno ambayo hayaandikiki. Yeye akawa ananipigapiga mgongo, na kusema, "Basi, basi, umenipaka rangi hadi kwenye khanga."

Alhamisi, 18 Aprili

Baba ametenga sahani tatu. Alipokaa alimtazama Dada kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye sanduku lake la vitambaa akarudi na mita nne za rangi ya chungwa. "Simama nikupime," alisema. Alipomaliza, akawa anakosa tundu la sindano kila akitia uzi, akalia.

Dada anakwepa kama anayempisha mtu kila anapotoka jikoni. Anapinda bega, anasema "samahani." Nilimuuliza kuna nini. Akasema mimi nisijali, ni mazoea.

Ijumaa, 19 Aprili

Watu wa kalenda walikuja, wakaona uso wa hudhurungi kwenye picha ya ndoo, wakaondoka bila hata picha moja. Bosi aliwafungulia mlango. Mimi bado nina kazi, ingawa sijui ni kazi gani.

Mchana tulishuka mtaani, mimi, Dada na vichupa. Mvua ilikuwa imekatika. Mtaa ulikuwa mtupu kuliko kawaida, au ndivyo nilivyouona. Dada alinishika mkono akawa ananipitisha kama mtu anayepita harusini, huku, sasa huku, subiri. Kwenye kona alisema "shikamoo baba" kwa hewa. Penye mlango wa bluu akasimama kupisha.

"Wako wangapi?" nilimuuliza.

"Hapa tulipo?"

"Hapa tulipo."

Akahesabu kwa midomo bila sauti. Alihesabu muda mrefu. "Usiulize wangapi," akasema. "Uliza mmoja mmoja."

Alinisimamisha kando ya muuza matunda, mbele ya ukuta. Niliona ukuta. Nilitazama kwa makusudi, kwa nguvu, hadi macho yakatoka machozi, na bado niliona ukuta. Nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya, nikashika penseli. Nikasema aproni ya Fundi ilikuwa ya rangi gani, nimesahau.

"Usiniulize mimi," Dada alisema. "Muulize mwenyewe, uko magotini pake."

Watu walikuwa wanapita na mifuko yao, wengine wamesimama kununua mapapai. Nilimwuliza. Nilimwuliza kwa sauti, mbele za watu, na muuza matunda akaacha kuhesabu chenji akanikodolea macho. Nikamwomba Fundi msamaha, na hilo nalo kwa sauti. Kisha nikapiga magoti kwenye maji, nikamwekea daftari pale chini, na penseli juu yake, nikageuza uso nisubiri.